Mchana anainama, usiku analipa mawakili: kumwelewa Booker T. Washington

Mtihani wa kuingia chuo aliofanya Booker T. Washington ulikuwa wa ufagio. Siyo utani. Mwaka 1872 kijana wa miaka 16 hivi anatokea Hampton, Virginia, mchafu wa kutisha, mfukoni ana senti 50 tu, mwalimu mkuu wa pale, mama mmoja mzungu anaitwa Mary Mackie, anamwangalia juu mpaka chini hamwelewi, anamwacha amekaa masaa huku wenzake wanapokelewa mmoja mmoja, mwisho anamwambia kile chumba cha pili kinahitaji kufagiliwa, chukua ufagio. Jamaa akafagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne, mama akaja na leso yake akaipitisha ukutani, kwenye meza, kwenye mabenchi, akakosa hata chembe, akasema nadhani utafaa. Ndo kapata chuo hivyo.

Sisi tuliosoma shule za msingi za serikali, za kwenda na fagio la chelewa siku moja na jembe siku nyingine, tukisoma hicho kisa tunacheka kwanza, halafu unakaa unajiuliza: hivi hii habari ya mtoto mweusi wa shule kushika jembe kabla ya kitabu ilianzia wapi? Jibu lina vipande vingi ila kipande kimoja kikubwa kiko Alabama, Marekani, kwa huyu huyu mfagiaji, Mmarekani mweusi aliyekuja kuanzisha chuo cha Tuskegee. Watu wengi wanaomjua wamemgawa pande mbili, kuna wanaosema alikuwa baba wa kujitegemea, kuna wanaosema alikuwa kibaraka wa wazungu, na ubaya ni kwamba pande zote zina ushahidi mzuri tu. Mi naona tatizo ni kwamba mzee huyu alikuwa anaongea kwa sauti mbili, moja ya jukwaani na moja ya barua za siri, na dunia kwa muda mrefu ilisikia moja. Hata sisi huku Afrika Mashariki tuliletewa hiyo hiyo moja.

Tuanze alikotoka. Alizaliwa mtumwa mwaka 1856 kwenye shamba la tumbaku la mtu anaitwa James Burroughs, Hale's Ford, Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba, baba ni mzungu ambaye mtoto hakuwahi kumjua. Burroughs alipofariki 1861 mali zake zikaorodheshwa kama inavyofanyika kwenye mirathi, ng'ombe, vyombo, na kwenye orodha hiyo hiyo yupo kijana Booker, thamani dola 400. Kwenye kitabu chake anasimulia shati la kitani walilokuwa wanavalishwa watoto wa watumwa, kitambaa kipya kinachoma ngozi kama umebanwa na miba mia, na kaka yake John akawa analivaa yeye kwanza siku kadhaa ili lilainike, ndo amwachie mdogo wake. Nimesoma mengi kuhusu utumwa ila hilo shati halinitoki.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha 1865 familia ikahamia Malden, West Virginia, kwa baba wa kambo aliyekuwa anafanya kazi kwenye matanuru ya chumvi. Mapipa ya baba huyo yalikuwa yanaandikwa namba 18, kwa hiyo maandishi ya kwanza Booker kuyatambua maishani ni hiyo 18, herufi zenyewe alikuwa bado hajui hata moja. Akafanya kazi kwenye chumvi, akafanya kwenye mgodi wa makaa ya mawe, shule akawa anaiba muda. Siku ya kwanza darasani mwalimu anaita majina, anagundua kila mtoto ana majina mawili au matatu na yeye ana moja, zamu yake ilipofika akajibu kwa kujiamini kabisa "Booker Washington", jina kajipa palepale. Huyo ndo Booker, ukimwelewa hapo umeshamwelewa nusu: anaangalia mazingira yanataka nini, anakipatia, na uso hauonyeshi kitu.

Akiwa mgodini akasikia wazee wawili wanaongelea chuo kikubwa cha watu weusi, mtu anaweza kusoma kwa kufanya kazi. Kutoka Malden mpaka Hampton ni kama kilomita 800, alienda kwa gari la farasi, kwa lifti, kwa miguu, alipofika Richmond hela ilikuwa imeisha akalala usiku kadhaa chini ya njia ya mbao ya waenda kwa miguu huku watu wanamkanyagia juu. Hampton ilikuwa ya Jenerali Samuel Armstrong, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Hawaii, na falsafa yake ilikuwa nyepesi: hawa watu waliotoka utumwani wafundishwe kazi za mikono, usafi, nidhamu, na kusoma kiasi, wawe walimu wa wenzao, siasa waache kwanza. Booker alimpenda Armstrong kama baba, akamaliza 1875, akafundisha kwao, akarudi kufundisha Hampton. Halafu 1881 ikaja barua kutoka Alabama wakitafuta mtu wa kuanzisha chuo mji mdogo unaitwa Tuskegee, walitegemea mzungu, Armstrong akawajibu mzungu sina ila ninaye huyu.

Hapa kuna kitu watu wanakiruka. Tuskegee yenyewe ilizaliwa kwenye siasa! Kulikuwa na fundi mmoja mweusi, Lewis Adams, aliyewahi kuwa mtumwa, mwenye ushawishi kwa wapiga kura weusi wa kata zile, mgombea mzungu akamfuata kuomba kura, Adams akasema kura utapata ila tunataka chuo. Bunge la jimbo likatoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara, bila ardhi, bila jengo. Yaani chuo kilichokuja kusifika kwa kuwaambia watu weusi waachane na siasa kilinunuliwa kwa kura za watu weusi, na Booker alilijua hilo vizuri kabisa.

Kikafunguliwa tarehe 4 Julai 1881, wanafunzi 30, kwenye kibanda cha kanisa kinachovuja mpaka mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja anaacha masomo amshikie mwalimu mwamvuli. Akakopa dola 250 kwa mhasibu wa Hampton kama kianzio cha kununua shamba la zamani la dola 500. Kisha akaingia kwenye tofali. Jamani hii sehemu ya tofali lazima niisimulie. Mji hauna kiwanda cha tofali, yeye akasema tutachoma wenyewe, wanafunzi wakawa wanasimama kwenye tope mpaka magotini, wengine wakaacha shule kwa hasira kwamba tumekuja kusoma siyo kukanyaga udongo. Tanuru la kwanza likafeli. La pili likafeli. La tatu likaporomoka likiwa karibu kumaliza, hela hakuna hata senti, walimu wanamwambia achana nayo, akachukua saa yake ya mfukoni akaenda kuiweka rehani mji mwingine akapata dola 15, tanuru la nne likakubali. Saa hakuikomboa tena. Baadaye wazungu wa jirani waliokuwa hawapendi chuo wakaanza kuja kununua tofali manake ni nzuri na ziko karibu, na Booker akajenga falsafa nzima hapo, kwamba mtu mwenye kitu unachokihitaji huwezi kumdharau siku zote. Ni hoja nzito, msiichukulie poa, aliithibitisha kwa mikono. Kwamba ni hoja inayotosha ndo ugomvi wenyewe.

Sasa twende kwenye hotuba. Tarehe 18 Septemba 1895, maonyesho makubwa ya biashara Atlanta, mtu mweusi kapewa nafasi ya kuongea mbele ya wazungu wa Kusini mwa Marekani, kitu ambacho hakikuwa cha kawaida kabisa. Frederick Douglass, sauti kubwa ya watu weusi, alikuwa kafariki Februari mwaka huo huo, kiti kiko wazi. Booker akatoa hadithi ya meli iliyopotea baharini, watu wanakufa kiu, wanaomba maji kwa meli nyingine wanajibiwa tupeni ndoo zenu hapo hapo mlipo, na kweli wakatupa, maji yakaja matamu, kumbe wako kwenye mdomo wa mto Amazon. Maana yake kwa watu weusi: baki Kusini, shika jembe, shika biashara, anza ulipo. Kwa wazungu: waajirini hawa mnaowajua msikimbilie wahamiaji wa Ulaya. Halafu akanyanyua mkono akasema ile sentensi iliyomganda mpaka kaburini, kwamba katika mambo ya kijamii tunaweza kutengana kama vidole, ila tukawa kitu kimoja kama mkono katika yote yanayoleta maendeleo yetu sote.

Ukumbi ukalipuka. Wazungu walisikia "tutengane", weusi wengi walisikia "maendeleo", na kila mtu akaondoka na furaha. Hata W.E.B. Du Bois, msomi mweusi ambaye baadaye atakuwa mpinzani wake mkubwa, alimwandikia kumpongeza. Na kabla ya hapo, 1894, Du Bois aliomba kazi Tuskegee, ofa ya kufundisha hesabu ikamfikia akiwa ameshakubali kwenda chuo kingine, Wilberforce, fikiria historia ingekaaje kama posta ingewahi. Mei 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu ya Plessy dhidi ya Ferguson kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni halali almradi huduma ziwe sawa, na sawa zenyewe hazikuwahi kuwa sawa. Hukumu hiyo haikutokana na hotuba, ilikuwa njiani tayari, lakini vile vidole vya Atlanta vilionekana vimeibariki.

Miezi mitatu tu kabla ya hiyo hotuba kuna kitu kilitokea Tuskegee ambacho kwangu mimi ndo ufunguo wa huyu mtu. Juni 1895, usiku, wakili mmoja mweusi wa pale mjini, Thomas Harris, kashambuliwa na genge la wazungu, kapigwa risasi ya mguu, anafika mlangoni kwa Booker anavuja damu anaomba hifadhi. Booker akakataa kumpokea. Habari ikaenea haraka, wazungu wa mji wakamsifu kwa busara, weusi wa kaskazini wakamlaani kwa uoga, na yeye akanyamaza. Kumbe usiku ule ule alipanga Harris apelekwe mahali salama na apate daktari, na gharama akazibeba yeye. Harris mwenyewe alimwandikia barua ya shukrani. Booker alilieleza jambo hilo faraghani tu, hadharani akaacha atukanwe, manake angefungua mdomo genge lingekuja kuchoma chuo.

Shika hicho kisa halafu kizidishe kwa miaka 20. Mwaka 1901 Alabama ikaandika katiba mpya ya jimbo kwa lengo la wazi la kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura, vipimo vya kusoma, vipimo vya mali, vipengele vya kuwapitisha waliopigana vita na wajukuu zao ili mzungu maskini asiguswe. Wanaume weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa zaidi ya 180,000, baada ya hapo walioandikishwa wakabaki karibu 3,000. Booker jukwaani anaendelea na pamba na mswaki (huyo mzee na mswaki, aliamini mswaki ni injili, kwenye kitabu anaurudia sana). Chini kwa chini kamwajiri wakili mweusi wa New York, Wilford Smith, akafungue kesi. Mlalamikaji ni Jackson Giles wa Montgomery, kwa niaba yake na wenzake zaidi ya 5,000. Barua kati ya Smith na katibu wa Booker, Emmett Scott, zinaandikwa kwa majina ya uongo, kama wapelelezi. Kesi ya Giles ilifika Mahakama Kuu 1903, ikashindwa, Jaji Oliver Wendell Holmes akisema kwa kifupi kwamba kama jimbo zima limeamua kuwanyima kura mahakama haina cha kufanya, waende kwenye siasa. Yaani mtu kanyimwa kura anaambiwa akadai kura yake kwa kura! Wakarudi tena 1904 wakashindwa tena. Ila mwaka huo huo wakashinda nyingine, ya Rogers, kuhusu kuwaondoa weusi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Baadaye akasaidia kimyakimya kesi ya Alonzo Bailey, kibarua wa shamba aliyehukumiwa kwa kuacha kazi akiwa na deni la mwajiri, na 1911 Mahakama Kuu ikaifuta ile sheria ya Alabama iliyofanya watu kuwa watumwa wa madeni.

Du Bois hakuyajua yote hayo alipomchambua 1903 kwenye kitabu chake The Souls of Black Folk. Alichosema yeye ni kwamba Booker anawaomba watu weusi waachie vitu vitatu, nguvu ya siasa, haki za raia, na elimu ya juu ya vijana, na kwamba ukiachia hivyo hata hicho kiwanja na duka lako huwezi kulilinda. Na akapiga pointi moja ambayo mi sijaona mtu akiijibu vizuri: Tuskegee yenyewe isingekaa wazi siku moja bila walimu waliosoma kwenye vyuo vile vile vya Kilatini na falsafa ambavyo Booker alikuwa anavitania. Kweli kabisa, nenda kaangalie walimu wake, George Washington Carver aliyekuja 1896 alikuwa na shahada ya pili ya kilimo kutoka Iowa, siyo mtu wa kukanyaga tope.

Upande mchafu wa siri lazima useme pia, manake mtu akizoea kufanya mambo gizani hachagui. Mkono uliolipa mawakili ndo huo huo uliolipa majasusi kwenye mikutano ya wapinzani wake weusi. Du Bois na wenzake walipoanzisha Harakati za Niagara 1905, umoja wa kudai haki za watu weusi, Booker alikuwa na watu wake wanamletea ripoti. Magazeti ya watu weusi aliyapa hela kimya kimya yamwandike vizuri. Rais Theodore Roosevelt alipotaka kumteua mtu mweusi kwenye kazi ya serikali alimuuliza Booker kwanza, kwa hiyo ukimpinga Booker kazi huna, na hela za wafadhili wa kaskazini nazo zikapita kwake. Mhariri wa Boston, Monroe Trotter, aliyevuruga mkutano wake Julai 1903 kwa maswali, aliishia kufungwa siku 30. Du Bois aliita mtandao huo wote "mashine ya Tuskegee". Ukiangalia vizuri ni mtindo wa mkuu wa kijiji, msaada tele ila usimbishie.

Sasa kuhusu maandishi yake, hapa ndo wasomaji wengi wanateleza. Up from Slavery ya 1901 siyo kitabu cha mtu aliyekaa chini akamwaga moyo. Mwaka mmoja kabla alitoa wasifu mwingine, The Story of My Life and Work, ulioandikwa na mtu mwingine kwa jina lake, ukatoka umejaa makosa, ukauzwa zaidi kwa watu weusi. Akajifunza. Cha pili akafanya kwa umakini, akisaidiwa na mwandishi mzungu Max Thrasher, kikatoka kwanza vipande vipande kwenye jarida la The Outlook, na msomaji aliyelengwa ni mzungu wa kaskazini mwenye hela. Ukikisoma ukijua hilo kinabadilika kabisa. Kila kisa kina kazi. Hakuna chuki kwa mabwana wa zamani, hata watumwa wanalia bwana akifa, jambo linaloudhi sana leo, lakini hicho ni kitabu cha kuombea michango, na michango ilikuja kweli. Andrew Carnegie mwaka 1903 alikipa chuo dola 600,000. Kwa hela ya enzi hizo hata sijui nilinganishe na nini. Baadaye mwanasosholojia Robert Park akawa ndo mwandishi wake mkubwa wa nyuma ya pazia, na vitabu kama My Larger Education na The Man Farthest Down vina mkono wake.

Na ile tarehe 16 Oktoba 1901 alipokula chakula cha usiku Ikulu na Roosevelt na familia yake, magazeti ya Kusini yalitukana wiki nzima, seneta wa South Carolina Ben Tillman akasema itabidi waue weusi elfu moja ndo wajue tena nafasi yao. Kumbuka huyu ndo mtu mpole kuliko wote, aliyesema tutengane kama vidole. Kwa hiyo upole wake nao ulikuwa na kikomo cha kununua.

Haya, tuje huku kwetu. Mwaka 1900 kamati moja ya uchumi wa makoloni ya Ujerumani iliiomba Tuskegee wataalamu wa pamba, Booker akawatuma watu wanne wakiongozwa na mwalimu James Calloway, wakaenda Togo na mabegi ya mbegu, majembe ya kukokotwa na mashine ya kuchambua pamba. Wajerumani walichopenda siyo uhuru wa mtu mweusi, walipenda picha ya Alabama, weusi wanalima pamba kwa utulivu na bei nzuri kwa viwanda vya Ulaya. Togo shule ya kilimo ikaja kuwa ya vijana wanaochukuliwa kwa lazima kutoka wilayani. Na hamu hiyo hiyo ya pamba ndo iliyokuwa inaendeshwa upande wetu, mashamba ya pamba ya lazima kusini mwa Tanganyika, mpaka Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa pamba pale Nandete na Maji Maji ikaanza. Simtwishi Booker damu ya Maji Maji, hakuna mtu wa Tuskegee aliyelima Matumbi. Nachosema ni kwamba lugha ya "mfundishe mweusi kazi" ikitoka kwenye mkono wa mtu mweusi mwenye chuo chake ikaingia kwenye mkono wa mkoloni mwenye kiboko inageuka kitu kingine kabisa. Ajabu nyingine, 1904 mzee huyo huyo alitoa makala kulaani ukatili wa Mfalme Leopold Kongo na alikuwa makamu wa rais wa chama cha Marekani cha kupigania mageuzi kule. Kongo alipaona, Togo hakupaona. Au alipaona akakaa kimya, maana kukaa kimya alikujua.

Booker alifariki Novemba 14, 1915, miaka 59, aliugulia New York akaomba arudishwe nyumbani Kusini afie huko, akafika Tuskegee na kufa masaa machache baadaye. Chuo alikiacha na majengo zaidi ya 100 na wanafunzi zaidi ya 1,500. Wiki chache baadaye jarida la The New Republic likatoa makala yake ya mwisho, na humo anasema wazi kwamba sheria za kutenganisha watu kwa rangi ni za dhuluma. Wazi kabisa, chini ya jina lake. Ila mwenyewe kashakuwa kaburini.

Miaka kama tisa baadaye ndo Tuskegee inatufikia rasmi. Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume yake Afrika Mashariki mwaka 1924, ikapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, Mwelshi aliyewahi kufundisha Hampton. Ndani ya tume kulikuwa na Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Ripoti ikasema elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake, kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijiji. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, jina likitoka kwa Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa shule za vijijini za watu weusi, na Booker alikuwa kati ya waliokabidhiwa. Walimu wanafundishwa na wake zao wanafundishwa, warudi vijijini wakawe mfano wa choo bora na shamba bora. Vitu vyenyewe siyo vibaya, nani anakataa choo. Ila walowezi wa Kenya waliipenda Tuskegee kwa sababu ile ile wazungu wa Atlanta walipiga makofi, walisikia mfanyakazi mzuri asiyeuliza habari za kura. Kesi ya Giles haikuwemo kwenye mizigo ya tume, wala majina ya uongo ya wakili, wala usiku ule wa Harris. Isingeweza kuwemo, barua zenyewe zilikuja kuchapishwa kuanzia 1972, mwanahistoria Louis Harlan akitoa juzuu baada ya juzuu mpaka zikafika 14.

Kinachonifurahisha ni kwamba watu wa huku walimsoma Booker kivyao. John Dube kule Natal alianzisha shule yake ya Ohlange kwa kumuiga Booker, watu wakamuita Booker wa Afrika Kusini, na 1912 akawa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Harry Thuku wa Nairobi 1921, katikati ya vurugu za kipande na kupunguzwa mishahara, aliandika barua Tuskegee kuomba msaada. Anaanzisha siasa na anaandikia chuo cha "msifanye siasa", kwake hapakuwa na mgongano wowote, alichokiona yeye ni watu weusi wenye chuo chao wenyewe.

Halafu kuna Mbiyu Koinange. Mtoto wa chifu kutoka Kiambu, 1927 akaenda Marekani, na shule aliyoingia kwanza ni Hampton, ile ile ya ufagio na leso. Akaendelea Ohio, akaendelea Columbia New York, vyuo vya kitabu hasa, vile alivyovitetea Du Bois. Aliporudi, mwaka 1939 akafungua chuo cha ualimu Githunguri kwa ajili ya shule huru za Wakikuyu ambazo zilikuwa hazitaki kuambiwa na mmisionari wala serikali mtoto asome nini. Hela ya majengo ilichangwa na watu wenyewe, rika kwa rika, kila rika likishindana na jingine, akina mama nao wakachanga kivyao. Ni Booker mtupu hapo, tanuru la nne kabisa. Ila hawakukichangia ili watoto wao wafundishwe kufagia, walitaka Kiingereza na masomo yale yale waliyokuwa wanapewa watoto wa wazungu. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari na Githunguri ikafungwa. Jeanes ya Kabete haikuguswa, ikaja kuwa chuo cha kufundishia watumishi wa serikali, na ndo hapo leo ilipo Kenya School of Government.